Sura ya Nne: Umbali na Chumba cha Habari

Hatari inayomkabili mwandishi anayewakosoa wenye mamlaka huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja, kinachowapata wote wanaobeba kalamu au kamera kwa kipimo kile kile, ilhali historia ya vyombo vya habari nchini Tanzania inaonyesha kwamba hatari hiyo ina maumbo mawili yasiyofanana hata kidogo. Ipo hatari inayokuja na muhuri, yaani notisi ya kulifungia gazeti, hati ya mashtaka, barua ya kufuta leseni au deni la kodi. Na ipo hatari isiyo na muhuri wala saini, inayokuja kwa rungu, kwa tindikali au kwa gari ambalo hakuna aliye tayari kusema limetoka wapi. Hoja ya sura hii ni kwamba maumbo hayo mawili hayagawanywi kwa bahati nasibu. Kadiri mwandishi anavyokuwa karibu na chumba cha habari, ofisi ambamo wahariri hupokea, huhakiki na kupanga habari kabla hazijachapwa au kutangazwa, ndivyo hatari inavyomjia ikiwa imevaa joho la sheria. Na kadiri anavyokaa mbali nacho, ndivyo inavyoelekea kumjia bila vazi lolote.

Umbali huo haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa mkataba wa ajira, kwa wakili anayeweza kufika kituo cha polisi usiku ule ule, kwa mhariri ambaye simu yake hupokewa wizarani, na kwa jina ambalo likikosekana kazini siku moja wasomaji wataanza kuuliza. Mhariri wa Dar es Salaam huwa navyo vyote hivyo au sehemu yake kubwa. Koresponda, kama wanavyoitwa katika tasnia waandishi wa mikoani na wilayani wanaolipwa kwa idadi ya habari zilizotoka badala ya mshahara wa mwezi, aghalabu hana hata kimoja, japokuwa jina lake hutokea katika ukurasa ule ule na habari yake husomwa kwa imani ile ile.

Joho la sheria lina ukoo mrefu, na inafaa ukoo huo uelezwe kwa sababu una kinaya ambacho wanasiasa wengi wangependa kisahaulike. Sheria ya kwanza ya magazeti Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1928, na mmoja wa watu mashuhuri waliofikishwa mahakamani kwa sababu ya maandishi ni Julius Nyerere mwenyewe, aliyeshtakiwa mwaka 1958 kwa kashfa ya jinai, yaani kosa la kumvunjia mtu heshima ambalo dola ndiyo inayolishtaki badala ya aliyekashifiwa kudai fidia, kutokana na makala iliyotoka katika jarida la chama chake, Sauti ya TANU, ikiwashutumu baadhi ya wakuu wa wilaya wa kikoloni. Alitiwa hatiani, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6, akalipa. Wahariri wa gazeti la Mwafrika nao walifungwa kwa uchochezi katika miaka hiyo ya kudai uhuru. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini katika kesi ya Nyerere ni nani aliyeudhika: hakuwa Gavana, wala Malkia, bali mabwana shauri, maofisa wa ngazi ya wilaya, watu ambao mamlaka yao hayako mbali na macho ya wanaotawaliwa na ambao kwa sababu hiyo hiyo huuhisi ukosoaji kama kofi la usoni. Ofisa wa wilaya atarejea katika sura hii zaidi ya mara moja.

Uhuru haukuifuta sheria hiyo ya kikoloni kwa kasi ambayo mtu angeitegemea kutoka kwa viongozi walioionja. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilirithi mantiki yake, ikampa waziri uwezo wa kulifungia gazeti pale ambapo kwa maoni yake maslahi ya umma au amani ya nchi vinahitaji hivyo, bila kulazimika kumsikiliza mhariri kwanza. Maneno matatu tu, "kwa maoni yake", yakawa ndiyo kisu na mpini. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuchunguza kama nchi iendelee na chama kimoja au ifungue mlango wa vyama vingi, iliorodhesha sheria 40 ilizoziona kandamizi, na Sheria ya Magazeti ilikuwa miongoni mwao. Mfumo wa vyama vingi ulianza mwaka 1992. Sheria hiyo iliishi miaka mingine 24.

Iliyoirithi, Sheria ya Huduma za Habari ya Novemba 2016, ilileta jambo jipya ambalo kwa msomaji wa kawaida linaweza kuonekana kuwa la kiofisi tu. Zamani gazeti lilisajiliwa mara moja, nalo likaishi na usajili wake hadi lifungiwe. Sasa gazeti linahitaji leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kulifungia gazeti lililosajiliwa ni tendo, na tendo huacha tarehe, sababu na mtu aliyelitenda, ilhali kutohuisha leseni ni ukimya, na ukimya ni mgumu kuupeleka mahakamani. Sheria hiyo iliendelea kulihesabu tendo la uchochezi, neno pana linalojumuisha karibu kila kauli inayoweza kuwafanya watu waichukie serikali, kuwa kosa la jinai.

Matumizi yake hayakuchelewa. Juni 2017 gazeti la Mawio lilifungiwa kwa miezi 24 baada ya kuchapisha picha za marais wawili wastaafu, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete, pamoja na habari za mikataba ya madini. Septemba ikafuata zamu ya MwanaHALISI, nalo miezi 24, kisha Raia Mwema siku 90, na Oktoba Tanzania Daima siku 90. Februari 2019 The Citizen lilisimamishwa kwa siku 7 kwa habari kuhusu kushuka kwa thamani ya shilingi. Siku 7 zinaweza kuonekana adhabu ndogo, lakini gazeti la kila siku linaishi kwa matangazo, na mtangazaji aliyeondoka kwa wiki moja haimlazimu kurudi, hasa ikiwa mtangazaji mkubwa ni taasisi ya serikali. Kwa mhariri, basi, swali la asubuhi huacha kuwa "je, habari hii ni ya kweli?" na kuwa "je, habari hii inalingana na mishahara ya watu waliomo humu ndani?"

Wamiliki na taasisi za habari walikwenda mahakamani, tena wakashinda. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha iliamua Juni 2018 kwamba kufungiwa kwa gazeti la Mseto mwaka 2016 kulikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Machi 2019, katika shauri ambalo Baraza la Habari Tanzania lilikuwa miongoni mwa walalamikaji, ikaona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari, vikiwamo vya uchochezi, vya kashfa ya jinai na vya uwezo wa waziri kupiga marufuku machapisho, vinakwenda kinyume na mkataba huo huo. Hata hivyo Mseto, Mawio, MwanaHALISI na Tanzania Daima, ambalo lilifutiwa leseni kabisa Juni 2020, yalisubiri hadi Februari 2022 ndipo leseni zao zikarejeshwa, si kwa nguvu ya hukumu bali kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan lililotekelezwa na Waziri wa Habari, Nape Nnauye. Nnauye huyu ndiye aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya habari Machi 2017, wakati mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipoingia usiku katika ofisi za kituo cha utangazaji cha Clouds akiwa na watu wenye silaha. Aliunda kamati ya kuchunguza, akapokea ripoti yake, na siku iliyofuata akaondolewa katika baraza la mawaziri. Waziri anayezishika funguo za magazeti yote nchini hana hakika kama ofisi yake mwenyewe ataikuta wazi kesho yake.

Ndani ya umbo hili la kisheria limo tawi lenye hila zaidi, nalo ni la kumshtaki mwandishi kwa jambo lisilohusu uandishi. Uraia ndio uliotangulia kutumika. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mmoja wa waasisi wa gazeti la Rai, alitangazwa kuwa si raia wa Tanzania, nchi aliyokwisha kuitumikia hata kama mbunge. Na huko Zanzibar Ali Nabwa, mhariri wa gazeti la Dira ambaye Kiswahili chake kilisomwa kwa raha hata na waliokichukia alichokisema, alikumbana na swali hilo hilo la uraia karibu na wakati ambapo gazeti lake lilipigwa marufuku mwaka 2003. Silaha hiyo ina ukatili wa aina yake katika nchi za mwambao na za mipakani, ambako ni nadra kukuta ukoo usio na babu aliyetoka ng'ambo ya bahari au ya mto, kwa kuwa kila mtu anaweza kuulizwa na si kila mtu ataulizwa.

Mfano ulio kamili zaidi ni wa Erick Kabendera, mwandishi wa kujitegemea aliyeviandikia vyombo vya ndani na vya nje, ambaye alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam tarehe 29 Julai 2019. Kwanza ilielezwa kuwa anahojiwa kuhusu uraia wake. Baadaye zikaja tuhuma za uchochezi. Na alipofikishwa mahakamani, mashtaka yalikuwa ya kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na utakatishaji fedha, yaani kuzipitisha fedha haramu katika njia halali ili asili yake isijulikane. Shtaka hili la mwisho halina dhamana, na hapo ndipo palipo uzito wake wote, kwa kuwa mtuhumiwa hukaa mahabusu kadiri upelelezi unavyoendelea, na kesi ya Kabendera iliahirishwa mara baada ya mara kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika. Mama yake mzazi alifariki mwishoni mwa Desemba akiwa yeye yumo gerezani, na ombi la kuhudhuria mazishi halikukubaliwa. Aliachiwa Februari 2020, baada ya karibu miezi 7, kwa makubaliano ya kukiri makosa, utaratibu ambao mshtakiwa hukubali kosa ili apunguziwe adhabu, na kwa sharti la kulipa mamia ya maelfu ya shilingi kama faini na mamilioni mengi zaidi kama kodi na fidia. Sababu zilizobadilika mara mbili kwa mtu yule yule katika muda mfupi zinatosha kumfanya msomaji ajiulize ni ipi iliyokuwa ya kweli.

Pamoja na hayo, Kabendera alikuwa na mawakili, balozi za kigeni zilitoa matamko, magazeti ya London na Washington yalimwandika, na kila alipofikishwa mahakama ya Kisutu palikuwa na kamera. Hilo halikumpunguzia siku hata moja ya mahabusu, ila lilihakikisha kwamba kila siku ilikuwa na hesabu yake na kwamba wakati wote ilijulikana alipo. Ukienda wilayani, uhakika huo ndio wa kwanza kutoweka.

Koresponda wa wilayani anaishi na watu anaowaandika. Mkurugenzi wa halmashauri ambaye ameandikwa kwa madawati hewa husali naye msikiti mmoja au kanisa moja. Mkuu wa kituo cha polisi hunywa chai kwenye mgahawa ule ule. Na mkuu wa wilaya, mrithi wa bwana shauri, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, naye kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ana uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Uwezo huo uliwekwa kwa ajili ya kuzuia uvunjifu wa amani, lakini wapo walioutumia dhidi ya wanahabari: Desemba 2016 mwakilishi wa televisheni ya ITV mkoani Arusha alikamatwa kwa amri ya mkuu wa wilaya ya Arumeru, kisa kikiwa habari ya kero ya maji. Mawaziri wa awamu mbalimbali wamewaonya wakuu wa wilaya wasiutumie vibaya, na onyo likirudiwa mara nyingi hivyo huwa tayari limekwisha kujieleza lenyewe.

Malipo nayo yana sehemu yake. Mtu anayelipwa kwa habari iliyotoka hubeba peke yake gharama ya habari isiyotoka, nauli ya bodaboda ikiwamo, na ndiyo maana bahasha, jina la heshima la fedha ambazo waandaaji wa mikutano huwapa waandishi kwa kisingizio cha nauli, imekuwa sehemu ya uchumi wa kazi hii. Wanaoikemea bahasha kutoka kwenye semina za hoteli za mjini wana haki ya kuikemea, lakini wangepaswa kuanza na viwango vya malipo ya koresponda. Mwenye mamlaka wilayani analijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote: anayepokea bahasha ameshanyamazishwa kwa bei nafuu, na anayeikataa amejitangaza.

Mwaka 2012 maumbo yote mawili yalijitokeza katika kipindi cha wiki tano tu. Mwishoni mwa Julai serikali ililifungia MwanaHALISI kwa muda usiojulikana, baada ya gazeti hilo kuandika kwa kirefu kuhusu utekaji wa Dakta Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari, aliyeokotwa akiwa na majeraha mabaya katika msitu wa Mabwepande nje kidogo ya Dar es Salaam. Gazeti lilikwenda Mahakama Kuu na miaka mitatu baadaye likashinda. Tarehe 2 Septemba, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa, Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa huo, aliuawa.

Alikwenda Nyololo kwa kazi ya kawaida kabisa. Chama cha upinzani cha CHADEMA kilikuwa kinafungua tawi, na polisi walikuwa wameagiza shughuli za kisiasa zisimame kwa sababu ya sensa ya watu na makazi iliyoanza tarehe 26 Agosti. Mabishano kuhusu uhalali wa amri hiyo yaligeuka vurugu, na mabomu ya machozi yakaanza kupigwa. Katikati ya vurugu hizo kundi la askari lilimzunguka Mwangosi na kumshambulia kwa marungu, kisha bunduki ya kufyatulia bomu la machozi ikaelekezwa tumboni mwake kutoka karibu sana. Bomu la machozi limetengenezwa ili kutawanya umati kutoka mbali. Likifyatuliwa kwa umbali wa hatua moja, hufanya kazi ya kombora. Mwili wake ulipasuliwa, na ofisa wa polisi aliyekuwa ubavuni mwake alijeruhiwa.

Maelezo ya awali ya polisi yalitaja kitu kilichorushwa kutoka upande wa wananchi. Yangeweza kudumu, kama maelezo mengi ya namna hiyo yanavyodumu, lau pale Nyololo pasingekuwa na waandishi wengine waliokuwa wakipiga picha. Picha moja, inayomwonyesha Mwangosi akiwa chini, amezingirwa na askari wenye kofia za chuma huku mmoja wao akiwa ameielekeza bunduki kwake, ilichapwa magazetini na kuenea nchi nzima, na kuanzia hapo hadithi ya kitu kilichorushwa haikuwa na mahali pa kusimama. Kamati ya Waziri wa Mambo ya Ndani ilichunguza, Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri walituma timu yao, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ikatoa ripoti iliyolilaumu jeshi la polisi. Julai 2016 Mahakama Kuu iliyoketi Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Picha inaonyesha askari wengi; gerezani alikwenda mmoja, na swali la nani aliyetoa amri halikupata mahakama ya kulijibu. Hata hivyo, katika orodha ya waandishi walioshambuliwa Tanzania tangu mfumo wa vyama vingi uanze, hukumu hiyo ni ya nadra, na ilitokana na kamera kuliko kitu kingine chochote.

Kanuni ya umbali ina mapengo, na itakuwa si haki kuyafunika. Saed Kubenea, mhariri wa MwanaHALISI, alimwagiwa tindikali na kushambuliwa kwa mapanga Januari 2008 akiwa ndani ya ofisi yake Kinondoni, pamoja na mwandishi mkongwe Ndimara Tegambwage. Na usiku mmoja wa Machi 2013 Absalom Kibanda, mwenyekiti wa Jukwaa la Wahariri, alivamiwa nje ya nyumba yake Mbezi Beach, akapigwa, akakatwa kidole, akang'olewa meno na kupoteza jicho la kushoto. Hawa walikuwa katikati kabisa ya chumba cha habari. Lakini hata hapo umbali unaonekana katika yaliyofuata: Kubenea alipelekwa India kutibiwa na Kibanda akasafirishwa Afrika Kusini, fedha zikachangwa, viongozi wa kitaifa wakaenda kuwajulia hali, na wote wawili wakarudi kusema kilichowapata. Mtu aliyebaki hai na sauti yake ni shahidi, hata kama waliomtuma mshambuliaji hawajulikani hadi leo.

Nje ya Tanzania mchoro ni ule ule. Francis Nyaruri aliliandikia Weekly Citizen la Nairobi kutoka Nyamira, magharibi mwa Kenya, akitumia jina la bandia la Mong'are Mokua, kinga inayofaa jijini ila isiyofaa kitu katika mji mdogo ambamo kila mtu anajua nani huulizauliza. Aliandika kuhusu ubadhirifu katika ujenzi wa nyumba za polisi, akatoweka Januari 2009, na maiti yake ikapatikana msituni wiki mbili baadaye ikiwa imekatwa kichwa. Jijini Nairobi, miaka mitatu kabla, polisi waliojifunika nyuso walivamia gazeti la The Standard, wakachoma nakala zilizochapwa na kuizima televisheni ya KTN. Serikali ilikiri kuwa operesheni hiyo ni yake, na gazeti likatoka tena. Nchini Burundi, Jean Bigirimana wa kundi la habari la Iwacu alitoweka Bugarama, nje ya Bujumbura, tarehe 22 Julai 2016. Mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, Radio Okapi, ambayo hutangaza kwa Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine, ilipoteza waandishi wawili kwa risasi katika muda wa miezi 17, Serge Maheshe Juni 2007 na Didace Namujimbo Novemba 2008.

Tukirudi Tanzania, mji wa Kibiti hauko mbali na Dar es Salaam; basi la kwenda kusini hufika huko kwa saa chache. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na vitongoji, makada wa chama tawala na askari, na Aprili 2017 askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Wauaji hawakujitambulisha, na mwandishi aliyetaka kujua walikuwa nani alilazimika kuuliza pande zote mbili za hofu, za wanakijiji waliowaogopa wauaji na za wanakijiji hao hao walioogopa operesheni ya vyombo vya dola iliyofuata. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti, alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa wakiuliza huku wakiwa wakazi wa huko huko. Waandishi waliotumwa kutoka Dar es Salaam walirudi Dar es Salaam.

Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 2017 alichukuliwa katikati ya mji huo na watu waliokuwa katika gari jeupe aina ya Land Cruiser. Kwa maelezo ya mkewe, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, gari hilo lilipita shambani alikokuwa akilima, na Azory akiwa ndani yake alimwambia kwamba amepata safari ya dharura, kisha akamwuliza ufunguo wa nyumba uko wapi. Aliporudi nyumbani aliikuta nyumba imepekuliwa. Taarifa ilitolewa polisi, Mwananchi likaanza kuchapa ukurasani hesabu ya siku tangu atoweke, na waandishi walivaa fulana zenye picha yake. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kauli iliyomfanya mtu yeyote aliyeisikia aulize waziri amejuaje. Baada ya muda mfupi ilifafanuliwa kwamba maneno yake yalikuwa yameeleweka vibaya. Hakuna mwili ulioonyeshwa, hakuna aliyeshtakiwa, na hakuna picha.

Februari 2022 magazeti manne yaliporudishiwa leseni, wahariri walikutana na waziri, na mwaka uliofuata Bunge lilipunguza baadhi ya makali ya sheria ya 2016. Kilichochukuliwa kwa karatasi kinaweza kurudishwa kwa karatasi, na wahariri walikuwa na kila sababu ya kufurahi. Koresponda wa wilayani hana leseni ya kurudishiwa. Hana dawati, hana mlinzi wa getini, wala kabati la nyaraka lenye kufuli la kampuni. Daftari zake, simu ya akiba na kamera ya kuazima hukaa chumbani anamolala. Waliokwenda Kibiti asubuhi ile, hata wawe nani, walijua kwamba chumba cha habari cha Azory kilikuwa nyumbani kwake, na kwamba aliyejua ufunguo uko wapi ni mke wake shambani.